Ukiwa Miyuji, Sinagogi Utalipata Wapi?

Dodoma hakuna sinagogi. Afadhali lisemwe mapema, kwa sababu mji huu umezoea kumpa kila mtu mahali pa kusali. Una makanisa makuu ya Kianglikana na ya Kilutheri, una parokia za Kikatoliki, una Msikiti wa Gaddafi ambao mgeni huuona kabla hajauliza jina lake, na ukishika barabara ya Arusha kuelekea Miyuji utapita mabango ya makanisa ya kiroho mengi kiasi kwamba huwezi kuyasoma yote daladala ikiwa kwenye mwendo. Tangu Serikali ihamie hapa, watu wanakuja kikazi kutoka kila pembe, na wengi wao ndani ya wiki moja wameshajua watasali wapi. Myahudi aliyepangiwa mradi Dodoma hana urahisi huo. Hana pia Mtanzania aliyeisoma Torati, akaguswa, na sasa anataka kuona kwa macho yake Wayahudi wanavyosali. Wote wawili huanza na swali moja: la karibu liko wapi? Swali hilo limekaa vibaya, na anayelifuata kama lilivyo hupoteza nauli, au hupata kitu ambacho hakukitafuta. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni watu gani wanakutana, wanaamini nini, na nani anawajibika kwao. Umbali uje mwisho.

Sababu iko ndani ya dini yenyewe. Warumi walilibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, dhabihu zikakoma, na tangu hapo Wayahudi hawajawa na jengo ambalo ibada haiwezi kufanyika nje yake. Sinagogi si hekalu dogo. Ni mahali pa kukutana, kusali na kusoma, na chumba chochote kinaweza kuwa sinagogi kikiwa na gombo la Torati lililoandikwa kwa mkono na watu kumi wa kusali. Hao kumi huitwa minyani. Waothodoksi huhesabu wanaume waliotimiza miaka 13. Mikondo mingine huhesabu na wanawake. Wakipungua kumi, watu husali vilevile, lakini Kadishi, sala anayoisema mfiwa kwa ajili ya marehemu wake, haisemwi, na gombo halisomwi hadharani. Kwa hiyo jengo zuri lenye nyota ya pembe sita mlangoni na watu wanne ndani halimsaidii mfiwa hata kidogo, ilhali sebule ya nyumba ya kupanga yenye watu kumi wanaojua wanachokifanya inamtosha kabisa.

Hapo ndipo ukaribu unapodanganya. Ukiuliza Dodoma mjini, hutakosa mtu wa kukuelekeza mahali. Yapo makanisa yanayopeperusha bendera ya Israel na kupuliza pembe ya kondoo dume katikati ya maombi. Wapo Wasabato, ambao huanza Sabato yao Ijumaa jua linapozama na wengi wao hawagusi nguruwe wala kambale. Hao ni Wakristo na hawajawahi kulificha hilo. Yapo pia makundi ya Kimasihi, yanayosali kwa maneno ya Kiebrania, yakiwa na shali za sala mabegani, huku yakimkiri Yesu kuwa ndiye Masihi. Imani hizo zote zinalindwa na ibara ya 19 ya Katiba yetu na hakuna sababu ya kuzikejeli. Ila mikondo ya Kiyahudi, ambayo hubishana karibu juu ya kila jambo, imekubaliana juu ya hili moja: kumkiri Yesu kuwa Masihi si dini ya Kiyahudi. Ukitaka kupambanua, salimu vizuri kisha uliza. Gombo la Torati mnalo? Anayewafundisha alisomea wapi, na ni nani waliomweka kuwa rabi? Yesu ana nafasi gani katika sala zenu? Wenye sinagogi hasa hawatakukasirikia, kwa kuwa na wao wana maswali kama hayo ya kukuuliza wewe.

Msomaji atasema: Mungu ni mmoja, na mtu aliye peke yake Miyuji ana ubaya gani akienda kusali na Wasabato wa jirani badala ya kukaa ndani Jumamosi nzima? Kama mgeni anayetaka kufahamiana na majirani, hakuna ubaya wowote. Lakini Myahudi mwenye msiba hatapata Kadishi pale, na anayejifunza dini hii atajifunza nyingine akidhani ndiyo hii. Hasara ya huyu wa pili ni kubwa zaidi, maana baada ya miaka mitano ya juhudi anaweza kufika mbele ya rabi na kuambiwa aanze upya.

Basi Wayahudi wenyewe wako wapi? Kwa Tanzania, mji unaotajwa ni Arusha. Lipo kundi dogo la Kiyahudi ambalo hueleza kwamba wazee wake walikuwa na asili ya Yemen na Ethiopia. Usitegemee jengo la kuonekana barabarani, na usifike stendi ukaanza kuwauliza bodaboda. Jamii ndogo kama hiyo hujilinda kwa kufahamiana. Mgeni anayekuja na neno la utambulisho kutoka kwa mtu wanayemjua hupokelewa, na anayejitokeza tu getini huwatia watu wasiwasi. Utambulisho huo hupatikana kwa urahisi zaidi Nairobi au Mbale, nchini Uganda, kwa hiyo anayetaka Arusha anaweza kulazimika kuandika kwanza nje ya nchi. Inaonekana kama kuzunguka, lakini ndiyo njia fupi.

Nairobi ndiko kwenye sinagogi la zamani linaloendelea kufanya kazi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Wazayuni, wazo la kuwapa Wayahudi ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya sasa. Mkutano wa Wazayuni ulilikataa wazo hilo mwaka 1905, lakini familia chache zilikuwa zimeshaanza kuja, na kati ya 1912 na 1913 Nairobi ikapata sinagogi lake la kwanza. Jengo linalotumika sasa ni la katikati ya miaka ya 1950. Liko penye makutano ya University Way na Uhuru Highway, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi, na jamii yenyewe inajiita Nairobi Hebrew Congregation. Ibada yao ni ya Kiothodoksi, hivyo wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Utakutana na ulinzi mkali getini, na usiuchukulie kuwa dharau. Tarehe 31 Desemba 1980 bomu liliua watu katika hoteli ya Norfolk, iliyokuwa mali ya familia ya Kiyahudi ya Block, na tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala, iliyomilikiwa na Waisraeli, ilishambuliwa siku ileile makombora yalipoikosa ndege ya abiria waliokuwa wakirudi Israel. Baada ya hayo, hakuna mlinzi atakayemfungulia mtu asiyemtarajia kwa sababu tu amevaa kofia.

Kwa hiyo andika mapema, wiki mbili au tatu kabla. Jina lako kamili, unakoishi, kazi yako, nakala ya pasipoti, siku unayokusudia kufika, na sababu yako kwa sentensi mbili za kweli. Kama wewe ni Myahudi, taja sinagogi ulilokulia. Kama si Myahudi na unataka kuona tu, sema hivyo hivyo, wala usijipambe. Usipige simu Jumamosi kwa sababu haitapokelewa. Na usiupelekee ubalozi wa Israel maombi haya, kosa ambalo wengi hulifanya: ubalozi unawakilisha serikali ya nchi, haumgawii mtu dini.

Barabara inayopita Miyuji ndiyo hiyohiyo itakayokupeleka: Kondoa, Babati, Arusha, kisha Namanga. Hadi Arusha ni kama kilomita 420, zote lami. Kwa mpaka wa Namanga utahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ondoka Dodoma Jumatano, ukichelewa sana Alhamisi alfajiri, kwa sababu basi likiharibika njiani Ijumaa, Sabato itakukutia porini. Tafuta nyumba ya kulala wageni unayoweza kutembea kwa miguu kutoka humo hadi sinagogi, maana wanaoshika sheria hawapandi gari siku hiyo, hawaandiki, hawashiki pesa, na kupiga picha ndani kutakuharibia jina kabla hujakaa. Mwanaume afunike kichwa, hata kwa barakashia ya kawaida. Mwanamke avae nguo ya heshima, kama angekwenda msibani.

Mbale, mashariki ya Uganda, ndiko ninakoona kunamfaa zaidi Mtanzania anayejifunza, ingawa ndiko mbali kuliko kote. Nje kidogo ya mji, juu ya kilima cha Nabugoye, wapo Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya wenyeji. Historia yao ilianza na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki, akagombana nao walipomnyima cheo alichokitarajia, akajiunga na kundi la Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, na akazidi kuyasoma maandiko kwa jicho lake mwenyewe. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Kiyahudi, alijibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Mwanzoni walijua kidogo sana. Kilichowabadilisha ni mwalimu: karibu na 1920 mfanyabiashara Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yosef alikaa nao, akawafundisha kalenda, sikukuu na uchinjaji. Kakungulu alikufa mwaka 1928. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, masinagogi yalifungwa, watu wakasali kwa kujificha, na hesabu inayotajwa ni kwamba walishuka kutoka kama 3,000 hadi kama 300. Hao waliobaki ndio waliojenga upya. Mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Kikonsavativu walifika, wakaketi kama mahakama ya dini na kuwapokea rasmi watu kama 400. Gershom Sizomu alisomea Los Angeles, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Sinagogi kubwa la sasa la Nabugoye lilifunguliwa mwaka huohuo.

Historia hii naiona kuwa ushahidi mzito wa hoja yangu kuliko fundisho lolote la vitabuni. Miaka minane ya Amin walikuwa hawana jengo, na wakabaki. Kabla ya Yosef walikuwa na kiongozi mwenye nguvu, ardhi na wafuasi wengi, na bado walikuwa gizani kwa sababu hapakuwa na aliyeijua dini kutoka ndani. Mgeni wa Nabugoye leo atasikia zaburi zikiimbwa kwa Kiganda na Kiebrania, ataona wanawake wamekaa pamoja na wanaume na wakisoma Torati. Akitaka Uothodoksi, kijiji cha Putti kiko eneo hilohilo, na huko taratibu ni tofauti. Achague akijua tofauti hiyo, si kwa kuangalia nani yuko karibu na stendi.

Pingamizi linalorudiwa sana ni kwamba Abayudaya si Wayahudi wa kweli, kwa kuwa waliingia tu. Wenye kusema hivyo wasome kitabu cha Ruthu: bibi mzaa babu wa Mfalme Daudi alikuwa Mmoabi aliyeingia. Lakini pingamizi hilo lina upande mmoja wa kweli ambao mshauri mwaminifu haufichi. Marabi wa Kiothodoksi hawautambui uongofu uliosimamiwa na marabi wa Kikonsavativu, na hilo lina uzito kwa anayetaka kuoa au kuolewa katika jamii ya Kiothodoksi, au anayefikiria kuhamia Israel. Kwa anayetaka kusali na kujifunza, halina uzito huo. Ndiyo maana swali la nani anawajibika linakuja kabla ya safari: cheti kina thamani ya mahakama iliyokitoa, na anayekihitaji ajue mapema kitasomwa na nani.

Wapo watakaosema zama za intaneti zimemaliza tatizo lote, ibada iko kwenye simu. Sehemu ni kweli. Maktaba ya Sefaria inakupa maandiko bure, kalenda ya Hebcal inakupa saa za kuwasha mishumaa kwa mji wako, na masomo ya katikati ya wiki kwa video ni msaada mkubwa kwa mtu wa Miyuji. Ila siku yenyewe ya Sabato, anayeshika sheria hawashi simu. Marabi wengi pia hawahesabu nyuso za kwenye kioo kuwa minyani. Tumia simu Jumapili hadi Ijumaa mchana, kujifunza na kuijenga ile jamii utakayokwenda kuitembelea mara moja au mbili kwa mwaka; sikukuu za Septemba na Oktoba, au Pasaka ya Kiyahudi, zinalipa nauli kuliko Jumamosi ya kawaida.

Na wiki nyingine zilizobaki? Hapo Miyuji ina nafuu zake. Jua la Dodoma huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo nyumba inaweza kuzoea karibu saa ileile ya kuanza Sabato kila wiki bila kuhangaika kama watu wa Ulaya, ambao majira ya baridi humaliza kazi saa tisa. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Wayahudi husali wakielekea Yerusalemu, na Yerusalemu iko karibu kwenye mstari mmoja na Dodoma kwa longitudo, kwa hiyo mtu wa Miyuji anaelekea kaskazini moja kwa moja. Mvinyo wa baraka ya Ijumaa jioni, Kidushi, ni suala gumu kwa sababu mvinyo wa dukani, hata uliotengenezwa hapa hapa, hauhesabiwi kuwa kosha, yaani unaoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, usipotengenezwa na Wayahudi wanaoshika Sabato. Lakini hii ni nchi ya zabibu. Myahudi anaweza kununua zabibu sokoni msimu wake, akazikamua mwenyewe jikoni na kupata maji ya zabibu yanayofaa kwa Kidushi.

Nyama ndiyo ngumu. Nyama ya halali si kosha, hata kama mchinjaji ni mcha Mungu, kwa kuwa sheria za mchinjaji, ukaguzi wa mapafu na kutoa damu ni nyingine. Kimbilia samaki. Kwenye meza ya muuza samaki wa Mtera utakuta perege na kambale pamoja. Perege ana mapezi na magamba, pitisha kidole kuanzia mkiani kwenda kichwani yatainuka, huyo analiwa. Kambale ni ngozi tupu na sharubu, mwache. Nunua samaki mzima mwenye ngozi yake, kwa sababu aliyekwisha kukatwa na kuparuliwa huwezi kumtambua, na kisu kiwe chako. Ugali na mlenda havina tatizo lolote, na ukweli ni kwamba chakula cha Kigogo cha kila siku kinamfaa Myahudi kuliko menyu za hoteli nyingi za mjini.

Kuna jambo la fedha. Kuingia katika dini hii si biashara, na marabi kwa desturi humrudisha mwombaji kwanza kabla ya kumkubali. Masomo huchukua mwaka au zaidi. Atakayekuahidi cheti cha Uyahudi kwa ada, au viza na ajira Israel ukijiunga na kundi lake, usimpe hata nauli. Tena si lazima uingie. Mafundisho ya Kiyahudi yanasema mataifa mengine yanatosheka na amri saba za Nuhu, na mtu anaweza kuheshimu, kusoma na kuhudhuria bila kubadili jina wala dini.

Ikitokea mkapatana watu watatu au wanne Dodoma, anzeni kwa chakula cha Ijumaa nyumbani kwa mmoja wenu, na mwambieni mjumbe wa mtaa ni kitu gani, maana ukimya ndio unaozaa uvumi. Mkianza kuwa na viongozi, michango na jina, jumuiya isajiliwe kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kiwanja na jengo visubiri. Hata gombo la Torati lisubiri: lina herufi 304,805, huandikwa zote kwa mkono kwenye ngozi, kazi ya karibu mwaka mzima, na bei yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Jamii ndogo nyingi huanza na gombo la kuazima kutoka sinagogi kubwa, na mwenye kuazimisha huuliza kwanza kama watu kumi wanafika kila wiki.